Mgongo wa Kwenye Picha ya Zahanati

Kwa maneno ya jirani yetu, tunayemwita Bi Shahidi kwa kuwa hakuna jambo lililowahi kutokea yeye asiwepo, zamani mchoraji mmoja aliyepanga chumba cha nyuma alimwona yeye akifua uani, akapigwa na butwaa, akamwomba asijitikise, akamchora toka asubuhi mpaka shuka likamkaukia mikononi. Picha yenyewe, anasema, ndiyo ile iliyotundikwa zahanati, juu ya benchi la kusubiria: mwanamke amewapa wagonjwa mgongo, beseni la njano miguuni, anakamua shuka.

"Likukaukie mikononi!" bibi yangu akasema. "Shoga, wewe hujawahi kutulia hata muda wa leso kukauka. Aliyechorwa ni mimi."

"Wewe? Na huo mgongo wa nani?"

"Wangu."

"Mwenzangu, mgongo wako ulikuwa kama ubao wa kupigia pasi."

Wakacheka, lakini nilimwona bibi akisugua magoti yake bila kuyatazama. Bi Shahidi ana albamu tatu za ujana wake. Picha za bibi zilioza kwa maji ya mvua, haikubaki hata moja. Siku moja aliniambia, "Mjukuu wangu, nimesahau nilikuwaje." Anakumbuka alichorwa, anakumbuka beseni, anakumbuka alicheka sana, basi. Zahanati amekwenda mara mbili kuitazama tu, akarudi bila hakika. Mtu hawezi kuujua mgongo wake.

Mimi nafanya kazi kwa fundi wa fremu. Nakata kadi za kuzungushia picha, nasafisha vioo. Jumatatu tarishi wa zahanati akaingia na picha ile ile imefungwa kwa gazeti, kioo kimepasuka.

"Inatakiwa leo leo," alisema, akakalia stuli yangu. "Mganga mkuu anasema ukuta umebaki uchi."

Fundi akanipa niifungue. Niling'oa misumari ya nyuma mmoja mmoja, nikaondoa ubao. Karatasi ilikuwa imekunjwa upande mmoja, ikalazwa nyuma kama pindo la sketi. Ndivyo fundi anavyofanya: picha ikiizidi fremu hakati, hukunja. Fremu ndiyo mfalme, husema. Na pale kwenye ubao palikuwa na duara la penseli lenye mkia, alama yake.

"Kumbe ni kazi yako, fundi."

"Ya zamani hiyo. Nilikuwa bado nina nywele."

"Hizo nywele mpaka utuonyeshe kwa picha," tarishi akasema.

Nikaukunjua ule upande polepole. Shuka likaendelea. Lilikuwa na ncha ya pili, na ncha hiyo ilishikwa na mwanamke mwingine aliyetuelekea sisi, kinywa wazi kwa kicheko, mkono wa kushoto mbele ya wa kulia. Bibi hukamua nguo hivyo mpaka leo, na uani wanamtania kuwa anazirudishia maji. Lakini si mikono iliyonishtua. Ni uso. Paji lile na nyusi zile naziona kwenye kioo kila asubuhi ninapochana nywele.

Basi Bi Shahidi hakusema uongo. Alisahau tu kwamba shuka halikamuliwi na mtu mmoja.

Fundi akavaa miwani, akainama. "Huyu umemtoa wapi?"

"Wewe ndiye uliyemficha."

Akajikuna upara. Tarishi akaangalia saa ya ukutani. "Jamani, mimi nimeambiwa irudi kama ilivyokuwa. Kioo kikiingia nipeni niende."

Kioo kipya kilikuwa tayari mezani, na fremu ni ile ile. Nikaweka kiganja juu ya karatasi, penye mkunjo.

"Fundi, ni bibi yangu huyu. Yuko nyumbani, dakika kumi tu kwa miguu. Usiikunje kwanza. Niruhusu nikamlete aione."

Fundi akamtazama tarishi, akautazama ule uso unaocheka, akachukua nyundo, akaiweka, akaichukua tena.