Nundu ya Mchana

Ukishaanza kumshuku mtu wa nyumbani kwako, hata kikohozi chake kinakuwa na maana. Muulize Kola.

Kola alikuwa afisa mipango wa shirika la umeme, na jina hilo wenzake walimpa kwa sababu ya kola za mashati yake, zilizonyooka hata ungeweza kukatia mkate. Mashati hayo aliyapiga pasi mwenyewe. Mkewe alikuwa mshonaji hodari, cherehani yake ya umeme ilikaa sebuleni, wateja walitoka mbali kumfuata. Lakini ampe pasi? Thubutu! Kola hakumwamini mtu na kola zake.

Mwaka huo mvua ziligoma. Bwawa lilipungua, na kazi ya Kola ikawa kugawa umeme mdogo kwa watu wengi: leo kanda hii ikae giza jioni, kesho ile. Asipofanya hivyo, lazima uwashwe mtambo wa zamani wa dizeli, ule unaomaliza fedha za shirika na kuitemea moshi hospitali ya watoto iliyo jirani yake. Zamani ratiba ya mgao ilitangazwa. Ikitangazwa tu, watu wote wanajaza matangi na kupiga pasi kwa mkupuo, umeme unazidiwa hata kabla ya giza lenyewe. Basi wakubwa wakaamua iwe siri. Kama ni haki au si haki, usiniulize mimi. Kola alikula kiapo, na kiapo hicho alikitunza kweli.

Siku moja mkurugenzi akamwita, akamwonyesha skrini. Mistari ya matumizi ya kanda zote ilikuwa imelala. Wa kanda ya juu tu, kila siku ya kukatiwa, ulikuwa na nundu baada ya chakula cha mchana.

"Nundu hii ndiyo inayotuwashisha dizeli," mkurugenzi alisema. "Juzi wauguzi wamefunga madirisha ya wodi kwa moshi. Kule juu anakaa nani kati yetu?"

"Ni mimi peke yangu, bosi. Lakini sijamwambia mtu. Haki ya Mungu tena!"

"Basi kuna mtu anakusoma. Nataka jina lake siku ya mgao ujao. Ukikosa, nitaandika lako, na kazi huna."

Kikulacho ki nguoni mwako, Kola aliwaza njia nzima. Na nguoni mwake kulikuwa na nani zaidi ya mkewe? Jioni hiyo alianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Simu yake ikilia, anatega sikio. Mteja akija kupimwa gauni, anasogeza kiti. Mama Pacha, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuja kuazima sindano, wakacheka wawili hao mlangoni, na Kola akajiuliza ni sindano gani hiyo ya kuchekewa namna ile.

Akatega mtego.

"Mke wangu," alisema, "kesho jioni tunakatiwa. Lakini usimwambie mtu." Uongo mtupu.

Kesho yake alishinda mbele ya skrini bila kula. Mstari wa kanda ya juu haukuinuka hata kidogo. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Kola? Wapi!

"Amenishtukia," alinong'ona. "Mjanja huyu."

Siku ya mgao wa kweli ikafika. Hakumwambia mtu. Mchana akarudi nyumbani, kama kawaida yake siku za mgao, maana giza likishaingia pasi haina kazi. Akaichomeka kwenye soketi ya dirishani, akaanza kunyoosha shati huku jicho liko kwa mkewe. Leo utanasa tu, bibi.

Mkewe alikuwa ameinamia cherehani. Simu hakuigusa, mlangoni hakwenda.

Nje pampu ya maji ikaanza kunguruma. Ikafuata ya pili. Mara mtaa mzima unanguruma. Kola akachungulia dirishani, na macho yake yakagongana na ya Mama Pacha, aliyesimama barazani, mikono kiunoni.

"Haya jamani, jazeni maji!" Mama Pacha alipaza sauti. "Baba ameshika pasi!"

Kola akaganda. Mkewe akaangua kicheko.

"Kwani ulikuwa hujui? Ukija mchana kupiga pasi, jioni giza. Mtaa mzima unajua. Wanakuombea dua, wanasema baba huyu kiapo havunji, lakini hawatupi majirani zake. Na mimi nikajivuna, nikasema mume wangu ana roho nzuri."

"Sikuwa namsaidia mtu," Kola alisema. "Nilikuwa napiga pasi."

Kicheko kikamkauka mkewe.

"Na ile siku uliyoniambia tunakatiwa, mbona hatukukatiwa?"

Kola akaiachilia pasi juu ya shati.

"Nilifurahi mimi! Nikasema leo kaniamini. Nikakimbiza magauni ya watu mpaka vidole vikaniuma, hata dada yangu sikumwambia. Kumbe ulikuwa unanipima."

Simu ya Kola ikalia. Alikuwa mkurugenzi. "Nundu imepanda, dizeli inawaka. Jina?"

Kola alimtazama mkewe. Jina moja lilikuwa limeshakaa tayari mdomoni mwake siku zote hizo, na halikuwa lake mwenyewe.

"Ni mimi, bosi," alisema.

Ndipo akasikia harufu. Pasi ilikuwa imelala juu ya kifua cha shati, moshi unapanda. Mkewe akainuka, akaichomoa, akaisimamisha pembeni.

"Shati nitakushonea jingine," alisema. Akakusanya magauni ya watu, akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akafunga mlango kwa ufunguo.