Kisio la Mwisho la Baba

Kwa miaka kumi na minane familia ile ilisoma hadithi moja: vitabu kumi na kimoja vya ufalme wa mazimwi na ngome inayohamahama. Sheria ilikuwa moja, hakuna kusoma peke yako. Jumapili baada ya chakula mama, fundi cherehani, alisoma kwa sauti. Baba, fundi viatu, na binti yao walisikiliza. Kabla ya sura ya mwisho kitabu kilifungwa, kila mtu akaandika kisio lake na kulitia ndani ya kopo. Aliyekosa vibaya kuliko wote aliosha vyombo.

Baba alikuwa bingwa wa kuosha vyombo. "Mwenzenu anakisia kama anayetafuta sindano kwa miguu," mama alimtania.

Kitabu cha mwisho alikinunua binti, siku hizi muuguzi. Kwenye chumba cha mapumziko kazini alijiambia ataonja ukurasa mmoja tu. Mwenye njaa hana miiko, na yeye njaa yake ilikuwa ya tangu utotoni. Kabla wiki haijaisha alikuwa amekimaliza chote, na hakuwa na mwenzake wa kushangaa naye.

Nyumbani kiliwachukua Jumapili saba. Zote saba alijifanya kushtuka.

Ikafika zamu ya makisio. Nani atarithi kiti cha enzi? Baba alitafuna kalamu mpaka huruma ikamponza binti yake.

"Baba, yule mpika uji wa ngome umemfikiria?"

"Yule mzee wa masufuria? Wewe nawe!" Akacheka, lakini akaandika.

Mama akasoma hadi neno la mwisho. Kiti akakikalia mpika uji. Baba aliruka akiwa na kiatu kimoja tu mguuni, akashangilia kama mtoto, akamwaga karatasi mezani aone leo nani ataosha vyombo. Ya mama ilimtaja malkia. Ya binti haikuwa na kitu.

Kicheko kikamkauka.

"Ulijua," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu wiki niliyokinunua. Nisamehe, baba. Nilitaka na wewe ushinde, angalau mara moja."

"Kwani nani alikwambia nilikuwa nashindwa?"

Akaanza kukusanya sahani. Binti akainuka haraka. "Niachie mimi, baba."

"Kaa tu, mwanangu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma binti. Angefokewa, angejitetea. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na kitabu cha kumi na mbili hakipo cha kumwezesha kutengeneza alichoharibu. Mama alikirudisha kitabu kabatini. Vile vingine kumi, kila walipomaliza kimoja, walibishana mpaka jioni nani kaonewa na nani kapendelewa. Sasa binti alibaki mezani akisikiliza maji ya bomba jikoni, akitamani hata mmoja wao aanzishe ubishi.