Sare Mbili

Hivi wewe, umewahi kuhesabu watoto wako ukakuta wamezidi? Kupungua sisemi, kupungua kila mzazi anakujua. Mmoja kajificha nyuma ya mlango, mwingine kajifungia bafuni anachezea maji, moyo unakuruka, unaita, wanatokea, unawagombeza huku unacheka, basi yamekwisha. Mimi nasema kuzidi.

Kuna fundi cherehani mmoja jambo hilo lilimkuta mchana kweupe, chai yake haijapoa.

Fundi huyu kazi yake aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ikakaa katikati, na kamba ikakatiza toka ukuta hadi ukuta, ndipo alipotundika vitambaa. Mkewe alikuwa muuguzi. Akiwa zamu ya asubuhi aliondoka watoto hawajaamka, akarudi jua limeanza kupoa. Kwa hiyo mchana kutwa watoto walikuwa wa baba.

Na walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa binti wa miaka sita, kamwili kadogo, hatulii, kila saa kabeba kitu anakihamisha kutoka hapa kwenda pale: kibao, kigurudumu cha uzi, kiatu kimoja cha mama yake. Baba yake alimwita Sisimizi. Mdogo alikuwa wa kiume, miaka miwili na kitu, tumbo mbele mikono nyuma. Huyo akiona kiu hasemi naomba. Anasema "Maji!" kisha anasimama kungoja. Jina lake Bwana Mkubwa.

"Umeshindaje na mabosi wako?" mkewe alikuwa akimuuliza kila akirudi.

"Wamenifukuza kazi mara mbili, wakanirudisha," fundi hujibu.

Aliwapenda hadi kifua kilimbana. Bwana Mkubwa akilala juu ya rundo la vipande vya vitambaa, fundi aliacha kukanyaga cherehani ili tu asikilize kile kikoromo chake. Lakini mapenzi yake yalikuwa na woga ndani, na woga ule ulimpa tabia ya kuhesabu. Kila alipomaliza pindo na kuinua mguu, alitupa jicho akasema kimoyomoyo: mmoja, wawili. Ndipo akakata uzi. Hata mteja akiwa anamweleza shida ya mkono wa shati, macho ya fundi yalipita juu ya bega lake: mmoja, wawili.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Kwenye kamba alikuwa ametundika kitambaa cha buluu cha sare, amekilowesha kwanza kisije kikasinyaa baada ya kushonwa. Jumatatu inayofuata Sisimizi alikuwa anaanza darasa la kwanza, na fundi wa watu, aliyeshona sare za watoto wa mtaa mzima, ya binti yake alikuwa hajaigusa. Kila siku alisema kesho. Kumpeleka mtoto mahali ambapo hatamwona kwa saa tano nzima kulimkata maini.

Watoto walikuwa wanacheza nyuma ya kitambaa kile. Kilining'inia karibu kufika sakafuni, kikaacha miguu tu ionekane. Fundi akamaliza pindo la suruali, akainua mguu, akatupa jicho.

Mmoja, wawili, watatu.

Akakata uzi. Kisha mkasi ukabaki hewani.

Akaangalia tena. Miguu ya Sisimizi aliijua, imejaa vumbi la chaki. Miguu minene ya Bwana Mkubwa aliijua. Katikati yao palikuwa na miguu mingine miwili, myembamba, misafi kabisa, vidole vimekunjwa kidogo kama vya mtu anayesikia baridi.

"Nani yuko huko?"

"Sisi," akajibu Sisimizi.

"Sisi nani?"

"Sisi, baba! Kwani hutujui?"

Fundi akaenda akafunua kitambaa. Wawili. Bwana Mkubwa alikuwa anagawa vifungo: kimoja mbele yake, kimoja mbele ya dada yake, na kimoja mbele ya mahali patupu.

"Hicho cha nani?"

Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Chake," akasema, akaendelea kugawa.

Sasa hapa lazima nikueleze kitu ambacho Sisimizi hakuwahi kuelezwa.

Mkewe fundi alijifungua mapacha, mabinti wawili. Wa kwanza alitoka hakulia. Wa pili ndiye Sisimizi. Mama alikuwa hoi, damu imemtoka nyingi, na alipofumbua macho akauliza, "Yule wa kwanza yuko wapi?" Wauguzi wakamtazama fundi. Naye kwa kumhurumia mkewe akawaita pembeni, akawaambia, "Msimwonyeshe. Hataweza." Akaenda kukishona kisanda mwenyewe. Na kwa kuwa fundi hakati kitambaa bila kupima, alimpima yule asiyeamka. Halafu, hajui kwa nini, akampima na yule aliyelala ubavuni mwa mama. Walipishana nusu inchi. Akaandika vipimo vyote viwili kwenye daftari lake, mstari juu ya mstari, kisha akaugandisha ukurasa ule na wa pili yake kwa gundi. Mchana wake akaenda kuzika yeye na kaka yake.

Baadaye wakahama nyumba, ili pasiwe na mtu wa kumwita Baba Pacha. Mkewe hakuuliza tena. Fundi akajiambia amesahau.

Usiulize basi alilala vipi siku ile ya mvua. Wazo lilikuwa moja tu: amekuja kumchukua mwenzake.

Asubuhi, mkewe ameshakwenda kazini, akaona heri amalize ile sare. Akamsimamisha Sisimizi juu ya kibao, akatoa futi shingoni mwake.

"Simama wima. Usicheke, kifua kinacheza."

"Futi inanitekenya."

"Basi tekenyeka kimyakimya." Akapima kifua, bega, kiuno, urefu wa gauni. Inchi ishirini na nne. Akaandika. "Haya, shuka."

Sisimizi akashuka, akasogea pembeni kidogo, kama anayempisha mtu.

"Sasa na yeye."

"Yeye nani, mama?"

"Mwenzangu. Yeye asipokwenda shule, na mimi siendi."

Fundi akauliza, "Mwenzako mdogo?"

"Mkubwa, baba! Yeye ndiye alitangulia kutoka. Ila kwa urefu nimempita, kidogo tu." Akamwonyesha kwa vidole viwili jinsi kulivyo kidogo. Fundi, ambaye jicho lake halikosei kipimo, aliiona pale kati ya vidole vya mwanawe: nusu inchi.

Mvua ilikuwa imekatika. Bwana Mkubwa alikuwa kimya kwenye vitambaa vyake, na kimya si desturi yake. Fundi akaona bora afanye mchezo, apime hewa, mtoto aridhike, yaishe. Akapitisha futi juu ya kibao kitupu, akaizungusha pale ambapo kifua cha mtoto kingekuwa, akavuta ili ncha zikutane.

Zikakataa kukutana.

Futi ilikuwa imezunguka kitu. Ikakaza taratibu, kama inavyokaza kwenye kifua cha mtoto aliyevuta pumzi. Kisha ikalegea. Kisha ikakaza tena.

Nywele zilimsimama, lakini mikono ya fundi ni mikono ya fundi. Ikasoma kipimo. Ikashuka na futi toka bega hadi goti, na futi haikutikisika wala kupepea. Inchi ishirini na tatu na nusu. Vidole vyake vilipogusa lile bega lisiloonekana vilisikia baridi, si baridi ya kutisha, bali ya mtoto aliyekaa nje muda mrefu.

"Sisimizi, mwanangu," akasema. "Muulize. Anataka kukuchukua?"

Sisimizi akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akacheka. "Ataniweza wapi? Hata kibao hawezi kukibeba!" Akasikiliza tena, na safari hii hakucheka. "Anasema anamngoja mama. Anasema wewe ndiye uliyekataza asionyeshwe."

Maneno yale aliyowaambia wauguzi, fundi hakuwahi kuyarudia kwa mtu yeyote.

Fundi akakitoa kitambaa cha buluu kwenye kamba. Akakikunja safu mbili, akachora kwa chaki, akakata mara moja. Vikatoka viwili viwili: migongo miwili, vifua viwili, mikono minne. Akakaa kwenye cherehani, akashona bila kula, pindo la moja akalipandisha nusu inchi. Kila alipoinua mguu, alihesabu. Hakuogopa tena kufika watatu. Aliogopa mlango tu.

Mkewe akaingia viatu vina matope. Akavivua. Akamnyanyua Bwana Mkubwa, akamweka chini. Ndipo akaziona zile sare zimetundikwa bega kwa bega.

"Mbona mbili? Moja ya kubadilisha?"

Jibu alikuwa ameshapewa. Angesema ndiyo, chai ingewekwa mezani, Jumatatu ingefika. Na Sisimizi angegoma mlangoni, na yule mwingine angeendelea kusimama na vidole vyake vimekunjwa.

"Si ya kubadilisha," fundi akasema. "Moja imepungua nusu inchi. Itazame uone."

Akachukua daftari kuukuu, akapenyeza ncha ya mkasi kwenye ule ukurasa, akaubandua polepole. Akamkabidhi mkewe. Mama akasoma mstari wa juu, akasoma wa chini, akasoma tarehe.

"Wauguzi walitaka kukuonyesha," fundi akasema. "Mimi ndiye niliyewakataza. Niliona nakuhurumia. Nisamehe."

Mama akaenda kwenye kamba, akaangua ile sare fupi. Akailaza mkononi, kiganja kimoja chini ya ukosi, kama mtu anavyoshika shingo ya kichanga. Na fundi, aliyeishona mwenyewe na kujua uzito wa kila uzi wake, akauona mkono wa mkewe ukishuka taratibu, kama uliopokea kitu kizito, na ile sare ikaanza kupanda na kushuka.

Mmoja, akahesabu. Wawili. Watatu.

"Nilitaka nimbebe," mkewe akasema. "Miaka yote sita. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka tu mnipe nimbebe."