Ngoma ya Lugembe Sebuleni kwa Mama Mlezi

Levina alitaka aitwe Mama Mlezi. Jina hilo alijipa mwenyewe, siku alipofika Usoke na gari jeupe na mpiga picha wake, akatutangazia kwamba kuanzia leo yeye ndiye mlezi wa kikundi chetu cha ngoma. Sisi tulikuwa shambani tunapalilia tumbaku, hatukuwa tumemwomba mtu atulee. Lakini alileta vitenge na gunia la mchele, tukampigia vigelegele, na hapo ndipo tulipokosea.

Mjini Tabora hapakuwa na harusi wala kipaimara ambacho Levina hakukaa meza ya mbele. Mumewe, mnunuzi wa tumbaku, alikufa akamwachia nyumba kubwa na muda mwingi wa bure. Kwao ni Nzega, kwa wakulima wa pamba, ila Kinyamwezi alikuwa amebakiwa na salamu tu, na hata hiyo aliitamka vibaya kwa makusudi ili wageni wajue amesoma.

Manju wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, alikuwa mzee Lugembe, mwenye miaka sabini na sita. Levina hakumwamkia hata siku moja. Alimwita "kababu kangu," akimfinya shavu mbele ya kamera. Mzee alicheka kwa adabu. Mimi nilikuwa mwitikiaji wake, nasimama nyuma yake kila mara, na niliona shingo yake inavyokakamaa.

Mwaka jana Levina aliazima ngoma kubwa ya mzee. "Wiki mbili tu, kababu, wageni wangu waione." Miezi minane baadaye alituita tucheze kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, nikaiona sebuleni. Ameipaka vanishi, ameiwekea kioo juu, na juu ya kioo kuna sahani ya karanga.

"Ngoma hii iliongoza misafara kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo," alikuwa anamwambia mgeni mmoja. "Wapagazi waliifuata na meno ya tembo mabegani."

Uongo mtupu. Ngoma ile aliichonga baba yake Lugembe kwa mti wa mninga, aliporudi kutoka umanamba, kazi ya kibarua kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Mzee aliyasikia maneno yale. Akaitazama ile sahani ya karanga, kisha akatoka kwenda kukaa kwenye gari.

Mzee alifariki Alhamisi moja mwezi wa tano. Manju hazikwi bila ngoma yake, kwa hiyo mwanawe Wilbroad akampigia simu Levina. Aliweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Jamani, poleni sana," alisema Levina. "Mnazika lini?"

"Jumamosi saa kumi, mama. Tunaomba ile ngoma."

"Jumamosi nina wageni kutoka Dar, chakula cha mchana. Nimeshawaambia habari za hiyo ngoma. Hamwezi kusogeza hadi Jumatatu?"

"Mama, huu ni msiba."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nasema Jumatatu."

Wilbroad alikata simu. Hakutukana, maana ni mzee wa kanisa. Mimi nilitukana kwa niaba yake.

Jumamosi asubuhi tuliomba pikapu ya jirani, tukaenda Tabora wanawake tisa na Wilbroad. Tulikuta lango wazi na wageni wameshaketi, glasi mkononi. Levina alivaa shanga mpaka kwenye viwiko.

"Dada Apolinaria," aliniambia kwa sauti ya chini, akiendelea kutabasamu, "mtaniaibisha."

"Tumefuata ngoma, mama. Mzee anatusubiri."

Niliondoa karanga, nikamshikisha sahani. Wenzangu wakashusha kioo sakafuni, wakainyanyua ngoma. Mwenzetu Rustika, aliyekuwa amejizuia tangu alfajiri, akaanza kuimba kwa kilio wimbo wa msiba, nasi tukaitikia. Tulilia kweli. Tulipofika mlangoni nikasikia makofi. Wageni walikuwa wamesimama, simu juu, wanatupiga picha. Na Levina, mwanamke yule, alikuwa amenyoosha mkono kutuelekea kama anayefungua pazia.

"Hii ndiyo zawadi niliyowaandalia," aliwaambia.

Rustika alitaka kurudi ampige. Tukamvuta.

Usoke tuliipasha ngoma moto ili ngozi ikaze, vanishi ikanuka kijiji kizima. Sauti ilitoka imekwaruza, kama ya mtu mwenye mafua. Wilbroad aliipiga hivyo hivyo hadi udongo wa kaburi ulipoisha, na hakuna aliyecheka. Siku ile nilijilaumu kwa vile vigelegele nilivyompigia mwanamke yule shambani.

Baada ya mwezi Levina alipewa cheti na chama kimoja cha utamaduni. Video yetu ilikuwa imesambaa, imeandikwa: Mama Mlezi akiurudisha urithi kwa wananchi. Kisha akamtumia Wilbroad ujumbe. Kuna maonyesho mwezi wa nane, anatutaka sote, tuje na ngoma. Mwishoni aliongeza: "Na vile vilio viwe kama vya siku ile."

Wilbroad alinisomea tukiwa banini, kwenye banda la kukaushia, tunachambua tumbaku. Akaniuliza ajibu nini.

"Usijibu," nilisema.

Akafuta ujumbe, akafuta na namba. Levina alipokuja tena na gari lake jeupe, alikuta milango imefungwa, sote tuko shambani. Alipiga honi mara tatu, akageuza.