Sehemu ya Sita Haitafsiriwi

Kwenye kibanda cha video cha Ausi, hapa Nachingwea, kazi yangu ni kusema. Filamu ikizungumza Kikorea au Kiingereza, mimi Sabaha nashika maiki na kuwatafsiria wateja papo hapo. Wahusika wakinyamaza, naongeza chumvi. Ausi ndivyo anavyotaka: mteja amefuata mdomo wangu, picha anazo kwenye simu.

Sawa. Lakini siyo sehemu ya sita.

Tamthilia yenyewe ni ya watu wanaohamia sayari nyingine. Sehemu tano za kwanza ni mizinga na majitu, nimezipigia kelele mpaka koo likakauka. Katika ya sita, nahodha, dada mtu, yuko ndani ya chombo, mdogo wake amenasa nje, redio zimekufa na mlango haufunguki. Sehemu nzima wanaagana kupitia kioo, bila neno hata moja. Niliiangalia peke yangu nikalia, maana mama yangu tulimuaga hivyohivyo, kipindupindu kilipomweka nyuma ya dirisha la wodi na sisi tumesimama uani. Aliyeandika sehemu ile anajua kitu. Simharibii.

Jumamosi alasiri kibanda kilijaa wabeba magunia ya korosho na vijana wa bodaboda. Sehemu ya sita ikaanza. Nikaweka maiki mapajani.

"Oya dada, sauti!" akapayuka Fahadi wa bodaboda.

"Sauti haipo. Angalia."

Ausi akanijia mbio. "Sabaha, unaniharibia biashara! Sema chochote. Sema wanagombea shamba!"

"Sisemi."

Akanipokonya maiki akaanza mwenyewe: "Dada, nifungulie, huku nje baridi kama ya Makambako!"

Hakuna aliyecheka. Nahodha alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, na mdogo wake ameweka chake upande wa pili. Fahadi alikuwa ameikumbatia helmeti yake.

"Bosi, acha bwana," akasema mbeba magunia mmoja bila kugeuka.

Ausi hakuacha. Alibwabwaja mpaka mwisho, kisha akazima runinga na kunigeukia. "Kesho usije."

"Nakuja," nikamwambia mbele ya wote. "Nitanunua tiketi, nitakaa benchi la mbele. Utairudia sehemu hii, na safari hiyo utanyamaza."

Akacheka, akawatazama wateja ili wamuunge mkono. Mlango ulikuwa wazi na filamu imekwisha, lakini hakuna aliyekuwa ameinuka.

"Irudie," akasema Fahadi. "Na hiyo maiki weka chini."