Kilima Kilichosimama Kichwa Chini

Katapila lilianza kunguruma watu hawajamaliza hata chai, na mbunifu wa bustani akajua kwamba Chapchap amemzunguka. Chapchap ndilo jina ambalo mafundi walimpa meneja wa mradi, na wala hawakumwonea. Jana kwenye kikao alisema, "Kuhusu kile kilima, tutazungumza." Kumbe mazungumzo yenyewe ni malori yaliyojipanga barabarani kuja kukizoa! Mbunifu akatoka mbio, kamba za viatu zikiburuzika.

Kilima kilikuwa mbele ya ghorofa walikohamishiwa watu wa mtaa wa zamani, mama yake akiwa mmoja wao. Nyumba zao zilivunjwa ili lichimbwe shimo la msingi wa jengo jipya ng'ambo ya barabara. Mbunifu ndiye aliyeng'ang'ania kwamba udongo wa shimo usiende kutupwa nje ya mji, ubaki hapa hapa, uwe kilima chenye miti na mabenchi. Wakamcheka weee, mwisho wakakubali. Sharti lake lilikuwa moja: ule udongo mweusi wa juu, wenye rutuba, uwekwe pembeni usubiri, uje kumwagwa mwisho.

Chapchap akaona rundo la kusubiri linamzibia geti. Akaamuru udongo unaotoka shimoni kwanza umwagwe kwanza. Basi udongo mweusi ukalala chini, na udongo wa mfinyanzi wa kina kirefu, mgumu kama kigae, ukakaa juu. Nyasi zikapandwa, zikafa. Zikapandwa tena, zikafa tena, na yule yule aliyeharibu akawa wa kwanza kutangaza kwamba udongo wa shimo haufai, bora pawe maegesho ya magari. Jamani! Mtu anakutilia mchanga kwenye unga, halafu anakusema hujui kupika.

Mbunifu alipofika kilimani alimkuta mama yake amewatangulia wote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya kilima, katapila limesimama mbele yake.

"Mama, ondoka hapo, utaumia."

"Siondoki. Walinitoa kwenye udongo wangu, nikanyamaza. Sasa wanautoa na udongo wenyewe? Hapana, mwanangu, hiyo imezidi. Hebu njoo uone."

Ukingoni, mahali ambapo mvua ilikuwa imemomonyoa mfinyanzi, mche wa boga ulikuwa umechomoza na kutambaa, majani mapana, ua moja la njano. Hakuna aliyepanda boga pale.

"Mbegu zangu hizo," mama akasema. "Si nilikuwa nazitupa nyuma ya jiko, kwenye nyumba yetu waliyoivunja?"

Mbunifu alitaka kulia, lakini hasira ikawahi.

Chapchap akaja akihema, kofia ya kazi imekaa upande. "Dada, tusipotezeane muda. Udongo huo umekufa, kila mtu kaona."

"Mliouona ni udongo wa chini. Wa juu uliuzika mwenyewe."

"Malori yanasubiri!"

"Yasubiri. Kusubiri si ndiyo kazi uliyoikataa siku ile?"

Akapanda kilima, viatu vikiteleza, akasimama katikati. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini sauti ilitoka nzima.

"Kaka dereva wa katapila! Usipakie hata kijiko kimoja. Geuza! Mfinyanzi weka kando, toa mweusi, halafu mfinyanzi urudi chini, mweusi ukae juu."

Watu walikuwa wameshajaa kwenye vibaraza vya ghorofa. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaanza kushuka ngazi na majembe na ndoo.

"Leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa," Chapchap akamwambia mbunifu.

"Sawa. Bado ni asubuhi. Siku nzima inanitosha."

Chapchap akamgeukia dereva. "Na wewe, unangoja nini? Pakia!"

Dereva akajikuna shingo. Udongo ule aliuchimba yeye, akaumwaga vile alivyoamriwa, na tangu hapo alikuwa akipita pale akitazama pembeni.

"Bosi, mchoro wa kilima ni wa dada," akasema. "Safari hii nafuata mchoro."

Mbunifu akashuka upande wa pili kumpisha. Kijiko cha katapila kikainuka, kikazama kwenye mfinyanzi, kikaumwaga kando, mbali na malori. Kikarudi tena na tena, mpaka kikatoka na udongo mweusi, wenye unyevu, na watu wakapiga kelele kana kwamba wamemwona ndugu yao akishuka kwenye gari.

Mama peke yake hakushangilia. Alikuwa amesimama, kigoda mkononi, akilifokea lile dude lote la chuma.

"We! Boga langu usiliguse!"

Kijiko kikasita hewani, kikalizunguka boga.