Moto Usioonekana Mchana

Nyirabahire alipiga magoti nyuma ya mgomba wa tatu kutoka banda la ng'ombe, akapuliza. Aliambiwa moto uwe hapo hapo, kwa sababu hapo majani ya migomba yalikuwa mazito na mtu aliyeketi barazani asingeona kitu. Kuni alizichagua mwenyewe tangu jana: matawi makavu ya mibuni, yaliyokatwa kabla ya mvua, membamba kama vidole. Hayo hayatoi moshi. Yalitosha sufuria moja ya ndizi na kuku. Kuni nyingine zote za nyumba ile zilikuwa zimelala nje wiki nzima zikinyeshewa.

"Bado?" Deodatha, mke wa diwani, alisimama juu yake, gauni amelikusanya mkononi lisiguse matope.

"Bado kidogo, mama."

"Gari limeonekana kwenye kona ya kanisa. Ukisikia honi, beba upeleke jikoni, uweke juu ya lile jiko. Na masizi uyafute."

"Sufuria nimeipaka udongo kwa nje. Masizi yatatoka na udongo."

"Akili unayo," alisema Deodatha. "Tatizo lako ni mdomo."

Mdomo wenyewe ulikuwa wa juzi.

Lile jiko lilikuwa la gesi ya samadi. Shimo lake Nyirabahire alilichimba pamoja na vibarua wawili, na saruji ya kulijengea aliibeba kichwani kutoka barabarani. Baada ya hapo vibarua waliondoka, yeye akabaki na ndoo. Kila asubuhi alizoa kinyesi cha ng'ombe sita, akakichanganya na maji kwa mikono, akakimimina shimoni. Mwezi wa kwanza jiko liliwaka. Kulipokuwa bado na giza aliuona moto wake, wa bluu, mfupi, usio na sauti. Jua likishachomoza hauonekani kabisa. Ukitaka kujua kama upo, unasogeza kiganja.

Kisha mvua zilianza, diwani Rwegoshora akapanda mibuni mipya bondeni, akasema samadi yote iende huko.

"Shimo lina njaa, mzee," Nyirabahire alimwambia mara mbili.

"Shimo halina watoto," alijibu Rwegoshora. "Litavumilia."

Sasa jiko lilikuwa na miezi miwili halijawaka, na leo afisa wa halmashauri alikuwa anakuja kulikagua.

Sheria ndogo ya halmashauri ilikuwa na vipande vitatu. Atakayejenga mtambo wa gesi atauziwa saruji kwa nusu bei. Lakini sharti awe anamlipa kila mfanyakazi wake kima cha chini kipya cha serikali. Na atakayekutwa akichoma kuni bila kibali atatozwa faini, ili miti ya Karagwe ipone. Rwegoshora ndiye aliyeipigania kwenye kikao, na ndiye aliyeitangaza kwenye uwanja wa ofisi ya kata, amevaa kaunda suti ya kijivu. Watu walipiga makofi. Nyirabahire alipiga mpaka viganja vikapata moto.

Miezi tisa ilikuwa imepita. Kila Jumamosi alipewa mkungu wa ndizi na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, vile vile alivyokuwa akipewa mumewe Harerimana kwa miaka kumi na minne, mpaka akazikwa pembezoni mwa kibanja hiki hiki, shamba la migomba la diwani.

Yeye angevumilia. Lakini Therese, binti yake, alikuwa amepata nafasi kwenye shule ya ushonaji ya misheni, na Sista Placidia alisema angeishikilia nafasi hiyo bila ada mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Na Deodatha alikuwa ameanza kumtazama Therese mabegani. "Amekua huyu," alisema siku moja. "Ndoo mbili anaziweza."

Kwa hiyo juzi Nyirabahire alifungua mdomo. "Mzee, ule mshahara uliotutangazia."

Rwegoshora hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu aliyeombwa na mtoto amshushie mwezi wa angani. "Dada yangu. Mshahara ni wa watu wasiojuana."

Honi ililia.

Afisa aliitwa Desderius. Alikuwa kijana, mgeni wa mkoa huu, shati jeupe, faili kwapani, viatu vimeshiba matope. Alipoingia jikoni alimwona Nyirabahire amesimama na sufuria, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Jikoni mle hakuna aliyewahi kumwamkia hivyo. "Marahaba, mwanangu," alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

Rwegoshora alifungua koki, akawasha kiberiti, akakishikilia juu ya jiko mpaka kikamfikia kidoleni. Akakipuliza. "Tayari. Umewaka."

Afisa aliinama. "Mbona sioni?"

"Mchana hauonekani, bwana afisa. Gesi safi ndivyo ilivyo. Ukiuona mchana, ujue ni chafu. Nyirabahire, bandika."

Nyirabahire alibandika. Sufuria ilikuwa ikitoa mvuke kweli, na kifuniko kilikuwa bado kinacheza. Afisa alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

"Fomu yako inasema una mfanyakazi mmoja, na analipwa kima cha chini."

"Analipwa. Ila sisi hapa hatumwiti mfanyakazi. Huyu ni dada yetu. Alifika na wazazi wake akiwa mtoto, wakikimbia kutoka kwao, baba yangu akawapokea. Tunachokula ndicho anachokula."

"Vizuri sana." Afisa alimgeukia. "Na wewe mama, unasemaje? Ni kweli unalipwa?"

Deodatha, aliyekuwa mlangoni akitafuna buni, aliacha kutafuna.

Nyirabahire aliiinua sufuria, akaiweka chini sakafuni. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akalaza kiganja chote juu ya jiko, pale pale moto ulipodaiwa kuwaka, akakiacha.

Afisa alinyanyua mkono kumzuia, ukaishia hewani. Alikitazama kile kiganja. Bandani ng'ombe mmoja alikohoa. Kiganja hakikusogea.

"Nalipwa kama hivi," alisema Nyirabahire.

Halafu Rwegoshora akafunga koki, taratibu, kama mtu anayefunga Biblia baada ya somo.

"Limezimika," alisema. "Upepo wa mlangoni."

"Diwani, jiko hili ni baridi," alisema afisa.

"Nimesema limezimika. Bwana afisa, wewe unakaa ile nyumba ya halmashauri karibu na boma, siyo? Ile inayovuja. Mke wako ana mtoto mchanga, nasikia. Mwaka jana tulikosa saruji ya kuitengeneza. Mwaka huu, kamati ya ujenzi ikikaa, mimi ndiye mwenyekiti."

Afisa alitazama viatu vyake. Aliyatazama matope yale kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Upepo, kweli, upo," alisema hatimaye. Akaandika neno moja. Kisha akafungua kikopo cha wino, akaisogeza karatasi mbele ya Nyirabahire bila kumtazama. "Hapa, mama. Kidole gumba."

"Pameandikwa nini?"

"Kwamba unalipwa."

"Nisipoweka?"

Rwegoshora ndiye aliyejibu, kwa Kinyambo, ambacho mgeni hakukijua, na kwa sauti ya chini ya mtu anayefariji mfiwa. "Nyumba yako iko kwenye kibanja cha nani? Mume wako Harerimana amelala kwenye kibanja cha nani? Hatujawahi kumtoza kitu. Sheria ile inasema mfanyakazi alipwe. Haisemi alale wapi."

Mvuke ulikuwa umeacha kutoka kwenye sufuria.

Nyirabahire alitia kidole kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi. Alama haikutoka vizuri, kwa kuwa samadi ilikuwa imekaa kwenye mistari ya kidole na wino haukupata pa kuingia. Afisa alimwomba arudie. Akarudia.

"Asante, mama," alisema afisa.

Walikwenda barazani kula. Rwegoshora alibaki nyuma kidogo, mkono kwenye fremu ya mlango. "Kesho uje na Therese," alisema. "Macho yako yamechoka. Mtoto akusaidie ndoo."

Nyirabahire alisafisha kidole kwa majivu. Wino haukutoka.

Hawakuwa wamemaliza kuku Deodatha aliporudi mbio. "Huyu hanywi pombe hii ya rubisi. Kumbe ameokoka. Anataka chai."

"Kuni kavu zimekwisha, mama."

"Hizo nyingine?"

"Zimelowa."

"Chai, Nyirabahire."

Alikwenda nyuma ya mgomba wa tatu. Akatoa kuni juu ya rundo, zile zilizonyeshewa zaidi, akazilaza juu ya makaa, akabandika birika. Akapiga magoti, akapuliza. Moshi ulitoka mweupe na mzito, ukazunguka kidogo kama usiojua njia, kisha ukajipenyeza kati ya migomba kuelekea barazani. Akapuliza tena. Macho yalimwaga machozi, naye hakuyafuta.

Alimsikia afisa akikohoa. Alisikia kiti kikiburutwa, halafu kikaburutwa tena.

"Diwani, moshi huu unatoka wapi?"

"Majirani," alisema Rwegoshora. "Tunawaelimisha, lakini sheria bado haijawaingia."

Faili lilifunguliwa. "Jirani gani? Ni lazima niandike."

Rwegoshora alichelewa kidogo, kama mtu anayetafuta mfupa mdomoni. "Iliyo karibu ni nyumba ya Harerimana."

"Harerimana," alirudia afisa, herufi kwa herufi, akiandika. "Nikimfuata sasa hivi nitamkuta?"

"Utamkuta," alisema Rwegoshora. "Huyo haendi popote."